Mizabibu Mikongwe ya Chile na Divai Yake Nyekundu

Mti wa matunda ukizeeka, desturi ya mkulima ni kuung'oa na kupanda mwingine mahali pake. Mpapai hudumu miaka michache tu; mchungwa huvumiliwa zaidi, lakini nao hufikia siku yake. Mzabibu huishi muda mrefu kupita miti hiyo. Katika mji wa Maribor, nchini Slovenia, uko mzabibu mmoja wenye umri wa zaidi ya miaka 400 ambao ungali unazaa. Huo hutunzwa kama kumbukumbu ya mji. Lakini katika vilima vya kusini mwa Chile, huko Amerika ya Kusini, yako mashamba mazima ya mizabibu iliyopita miaka 100, na mingine hukadiriwa kuwa na miaka 200 au zaidi. Wakulima wadogo huichuma kila mwaka, na kutokana nayo hutengeneza divai nyekundu kwa njia walizorithi kwa wazee wao.

Mashamba hayo yanapungua. Kila mwaka yuko mkulima anayelinganisha bei ya kilo ya zabibu na bei ya miti ya misonobari, na hesabu ikimwelemea, mizabibu hung'olewa. Hapo ndipo linapozuka swali la maana: ni kitu gani hasa kinachopotea mzabibu mkongwe unapong'olewa? Wako wasemao kwamba divai ya mizabibu ya kale haina mfano. Wako pia wasemao kwamba hayo ni maneno ya wauzaji tu. Ili kuamua baina ya pande hizo mbili, yafaa kuchunguza asili ya mizabibu hiyo, namna inavyoishi, na namna divai yake inavyopatikana.

MZABIBU UITWAO "NCHI"

Mizabibu mingi inayohusika hapa ni ya aina iitwayo País, neno la Kihispania lenye maana ya "nchi". Jina hilo lilistahili, maana kwa karne nyingi zabibu hiyo ndiyo iliyotawala kilimo cha mizabibu nchini Chile. Wahispania walipoivamia nchi hiyo walianzisha mji wa Santiago mwaka 1541 na mji wa Concepción mwaka 1550. Mapadri wao walihitaji divai kwa ajili ya misa, na walowezi waliihitaji mezani. Kuileta kutoka Hispania kulikuwa safari ndefu ya baharini, yenye gharama kubwa na hatari ya divai kuharibika njiani. Kwa hiyo mizabibu ilipandwa mapema, katikati ya karne ya 16.

Kwa muda mrefu asili ya País haikufahamika vizuri. Fumbo hilo lilifumbuliwa na elimu ya urithi wa viumbe. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha chembe za urithi za mizabibu ya kale ya Amerika na zile za mizabibu ya Hispania. Ilibainika kwamba País si nyingine ila ni Listán Prieto, zabibu nyeusi ya kale ya Hispania. Aina hiyo karibu imetoweka katika Hispania bara, lakini ingali ikipatikana katika Visiwa vya Kanari. Ndiyo hiyo hiyo iitwayo Mission huko California na Criolla Chica huko Argentina. Majina ni mbalimbali, lakini mmea ni mmoja.

Jambo hilo lawezekana kwa sababu mkulima hapandi mzabibu kwa mbegu. Mbegu ya zabibu ikiota hutoa mzabibu mwingine kabisa, kama vile mtoto asivyofanana na mzazi wake katika kila kitu. Mkulima hukata kipande cha tawi na kukichimbia ardhini. Kipande hicho huota mizizi na kuwa mche wenye urithi ule ule wa mama yake. Kwa namna hiyo mzabibu wa País unaosimama leo katika bonde la Itata ni mwendelezo wa mmea ule ule uliosafirishwa katika merikebu za karne ya 16, ukihamishwa kutoka tawi hadi tawi.

Katika miaka ya 1850 matajiri wa Chile walianza kuleta aina za Kifaransa kama vile Cabernet Sauvignon na Merlot. Aina hizo zilipewa ardhi nzuri ya bonde la kati, yenye maji ya kumwagilia. País ilibaki kwa wakulima wadogo wa kusini, katika vilima vya Maule na Itata, na divai yake ikahesabiwa kuwa kinywaji cha watu wa hali ya chini. Kudharauliwa huko ndiko kulikoiponya: mahali pengi hapakuwa na mtu aliyeona faida ya kuibadilisha.

MDUDU ALIYEIPITA CHILE KANDO

Lakini kuna sababu nyingine kubwa zaidi iliyoifanya mizabibu hii idumu. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kunyauka na kufa bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake waliichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikiugua, wakamkuta mdudu mdogo wa rangi ya manjano, aliye jamaa ya vidukari. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa ameletwa kutoka Amerika ya Kaskazini pamoja na miche.

Filoksera hunyonya utomvu wa mizizi. Mahali alipotoboa hufanyika uvimbe na vidonda, kuvu na bakteria huingia humo, na mzizi huoza. Mizabibu ya porini ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa imeishi na mdudu huyo kwa maelfu ya miaka na kujipatia kinga. Mzabibu wa Ulaya, ambao jina lake la kitaalamu ni Vitis vinifera, haukuwa na kinga hiyo. Baada ya dawa nyingi kushindwa, suluhisho lililofaa lilikuwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Amerika. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya husimama juu ya mizizi ya kigeni.

Chile ilisalimika. Upande wa kaskazini iko jangwa la Atacama, mashariki ipo milima ya Andes, magharibi ni bahari ya Pasifiki, na kusini kabisa ni nchi ya barafu. Kuta hizo za asili, zikisaidiwa na ukaguzi mkali wa mimea mipakani, zimemzuia filoksera asiweke makao nchini humo. Kwa ajili hiyo mizabibu ya País husimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Hilo lina faida ya pekee. Mzabibu mmoja ukifa shambani, mkulima huchukua tawi refu la jirani yake, akalilaza ndani ya handaki dogo na kulifukia, akiacha ncha ikichungulia nje. Tawi hulishwa na mama yake huku likiota mizizi. Baada ya muda hukatwa likajitegemea. Katika nchi iliyovamiwa na filoksera njia hiyo haifai, kwa kuwa tawi lililofukiwa litaota mizizi ya Kiulaya, nayo italiwa na mdudu. Huko Itata shamba laweza kujifanya upya pole pole, mzabibu mmoja baada ya mwingine, pasipo kung'olewa.

MAISHA YA MZABIBU MKONGWE

Vilima vya Maule na Itata ni sehemu ya safu ya milima ya pwani. Udongo wake mahali pengi umetokana na mawe ya matale yaliyomomonyoka, ukichanganyika na mfinyanzi. Mvua nyingi hunyesha wakati wa baridi, ambao katika nchi za kusini mwa Ikweta huangukia kati ya Mei na Agosti. Kiangazi hupita kwa miezi kadhaa karibu bila mvua. Wakulima hawamwagilii, mzabibu huishi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini tangu wakati wa baridi.

Hapa ndipo umri unapokuwa na kazi. Mzabibu mchanga una mizizi michache, na mingi yake iko karibu na uso wa ardhi, mahali panapokauka kwanza. Kadiri miaka inavyopita mizizi hupenya katika nyufa za mwamba uliooza na kushuka mita kadhaa. Huko chini unyevu haupungui kwa haraka. Kwa hiyo katika mwaka wa ukame mzabibu mkongwe huendelea kukomaza matunda yake kwa utulivu, wakati ule mchanga unaangusha majani.

Umbo la mizabibu hii ni la pekee. Haipandishwi juu ya nyaya wala vichanja, bali kila mmoja husimama peke yake kama kichaka, shina lake fupi likiwa nene na lililopindapinda. Kila mwaka wakati wa baridi mkulima huyapogoa matawi na kuacha vijiti vifupi vyenye macho mawili hivi. Majani ya kiangazi hukitia kivuli kichaka chenyewe, na hivyo hupunguza ukali wa jua juu ya vichala na juu ya ardhi iliyo chini yake.

Shina na mizizi ni ghala pia. Baada ya mavuno, kabla ya majani kupukutika, mzabibu hugeuza sukari kuwa wanga na kuiweka akiba katika mbao za shina na mizizi. Majira ya kuchipua yanapofika, katika Septemba na Oktoba, machipukizi mapya hayana majani ya kutosha kujilisha. Hutegemea akiba hiyo mpaka karibu na wakati wa kuchanua. Mzabibu wenye shina kubwa na mizizi mingi una ghala kubwa, na mwaka mmoja mbaya hauumalizi. Msomaji wa Tanzania atafahamu tofauti iliyopo na mizabibu ya Dodoma. Huko hakuna baridi ya kuulaza mzabibu usingizi, hivyo mkulima huweza kuuamsha kwa kupogoa na kupata mavuno mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Itata hulala kila mwaka na huzaa mara moja tu.

Hata hivyo uzee una gharama zake. Kila jeraha la kupogolea ni mlango wa kuvu zinazoozesha mbao, na mashina mengi ya kale huwa na uwazi katikati, kiasi kwamba haiwezekani kuhesabu umri wake kwa pete za mti. Virusi nao huongezeka. Kwa kawaida shamba kongwe hutoa mavuno machache kuliko shamba lililo katika nguvu zake.

JE, UMRI HULETA UBORA?

Uchache wa mavuno wenyewe huweza kuwa na manufaa. Rangi na sehemu kubwa ya ladha ya divai nyekundu hutoka katika ganda la zabibu, si katika maji yake. Mzabibu usiopewa maji mengi huzaa tunda dogo, na tunda dogo lina ganda kubwa kwa kulinganisha na maji yake. Hesabu yake ni nyepesi: tunda la mviringo likipunguzwa kipenyo kwa nusu, eneo la ganda kwa kila kipimo cha maji huwa mara mbili. Zaidi ya hayo, vichala vichache vinavyolishwa na majani ya kutosha huiva sawasawa.

Lakini ni lazima kutahadhari. Mavuno machache na matunda madogo yaweza kupatikana pia kwa mzabibu wa miaka 15 ukipogolewa kwa makini katika udongo usio na rutuba nyingi. Na kuna mtego mwingine katika hoja ya umri. Mizabibu mikongwe tunayoiona leo ni ile iliyobakizwa. Ile iliyopandwa mahali pabaya iling'olewa zamani, kwa kuwa haikumfaa mwenyewe. Kwa hiyo divai ya mzabibu mkongwe ikiwa nzuri, huenda sifa ni ya mahali palipochaguliwa vema kuliko ya umri peke yake. Kutenganisha athari ya umri na athari ya udongo kunahitaji mashamba yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mwaka wa kupandwa, na mashamba ya namna hiyo ni nadra.

Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai lilipitisha maana rasmi ya mzabibu mkongwe: ni ule ambao umri wake umethibitishwa kuwa miaka 35 au zaidi. Shamba huitwa kongwe iwapo mizabibu yake isiyopungua asilimia 85 imefikia kiwango hicho. Yafaa kuangalia kwamba maana hiyo hupima miaka tu. Haisemi lolote juu ya utamu.

Liko jambo moja ambalo halina ubishi. Mimea inayoendelezwa kwa vipande vya tawi hupata mabadiliko madogo madogo ya urithi kadiri karne zinavyopita: mmoja huwahi kuiva, mwingine huwa na vichala vilivyoachana, mwingine huvumilia kuvu. Mashamba mapya kwa kawaida hupandwa miche iliyotoka katika mama mmoja aliyechaguliwa na kitalu. Shamba la kale lina mchanganyiko wa mistari mingi. Likichomwa au kung'olewa, hazina hiyo hupotea pamoja nalo, na hakuna maabara iwezayo kuirudisha.

KUTOKA KICHALA HADI DIVAI

Mavuno hufanyika katika Machi na Aprili. Katika utengenezaji wa jadi vichala humwagwa juu ya zaranda, ambayo ni kichanja cha fito za koligue, mmea wa asili wa jamii ya mianzi. Kichanja hicho huwekwa juu ya pipa kubwa lililo wazi. Wafanyakazi huvisugua vichala kwa mikono juu ya fito. Zabibu hupasuka na kupenya katika nafasi zilizo baina yake, na vikonyo hubaki juu, vikatupwa. Kazi hii huonekana kuwa duni mbele ya mashine, lakini ina busara yake. Mbegu za zabibu na vikonyo vibichi vina tanini kali, dutu ile inayokausha ulimi kama ndizi mbichi. Mashine isiyorekebishwa vema husaga mbegu. Mkono juu ya fito hauzisagi. País ina tanini ya kutosha tayari, na kuiongeza kungeiharibu.

Maji ya zabibu nyingi nyeusi, País ikiwamo, hayana rangi nyekundu. Rangi imo katika ganda, katika dutu ziitwazo anthosayanini. Kwa hiyo maganda huachwa pamoja na maji wakati wa kuchacha, ili joto na kileo vitoe rangi humo. País ina rangi kidogo, ndiyo maana divai yake huwa na wekundu mwepesi unaopitisha mwanga.

Mtengenezaji wa jadi haongezi hamira. Hamira ya asili imo juu ya zabibu, katika mbao za mapipa na katika hewa ya chumba. Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, ndiye aliyethibitisha katika karne ya 19 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Katika siku za kwanza aina nyingi za hamira hufanya kazi kwa pamoja. Kileo kinapoongezeka nyingi hufa, na ile iitwayo Saccharomyces cerevisiae, ambayo ni jamaa ya hamira ya mkate, hubaki na kumaliza kazi. Njia hii huipa divai ladha za namna nyingi, lakini ina hatari: hamira dhaifu ikishindwa njiani, sukari hubaki na bakteria waharibifu hupata nafasi. Ndiyo sababu viwanda hupendelea hamira iliyochaguliwa.

Kazi yenyewe yaweza kuelezwa kwa hesabu. Kila molekuli moja ya sukari hutoa molekuli mbili za alkoholi na mbili za gesi ya kabonidayoksaidi. Kiasi cha gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya alkoholi hivi. Hivyo maji yenye gramu 200 hutoa divai ya asilimia 12 takriban. Lita hiyo moja hutoa pia lita 50 hivi za gesi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi, nayo hutuama chini, ndani ya mapipa na katika vyumba visivyo na madirisha. Mtu aingiaye humo huweza kuzirai na kufa kabla ya kutambua hatari. Anayejua kazi hii hufungua milango, na kamwe haingii peke yake ndani ya pipa lililokuwa likichacha.

Gesi inapopanda huyainua maganda yakafanya tabaka nene juu. Tabaka hilo likiachwa likauke, bakteria wa siki huzaliana humo. Kwa hiyo mara kadhaa kila siku mfanyakazi hulididimiza kwa mti mrefu. Tendo hilo moja lina faida tatu: huzuia siki, hutoa rangi katika maganda, na hutawanya joto. Joto ni jambo la kuangaliwa sana, maana hamira yenyewe huzalisha joto, na likikaribia nyuzi 40 za Selsiasi hamira hufa. Viwanda hupoza kwa mashine. Mkulima wa Itata hutegemea mapipa madogo, kuta nene za udongo na usiku wa baridi wa mwisho wa kiangazi.

Baada ya wiki moja au mbili divai huchujwa na machicha hukamuliwa. Kisha hutiwa katika makasiki ya udongo wa kuchoma au katika mapipa ya mti wa raulí, ambao ni mti wa misitu ya huko kusini. Udongo na mbao vina vinyweleo vidogo vipitishavyo hewa kidogo mno. Hewa hiyo huziunganisha tanini na rangi na kuzifanya zitulie, bali ikizidi divai hugeuka siki. Hivyo chombo hujazwa hadi juu na kufunikwa vema. Wakati wa baridi mashapo hutuama. Aidha, bakteria wengine hugeuza asidi ya maliki, iliyo kali kama ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, iliyo laini kama ya maziwa ya mgando, na ukali wa divai hupungua.

Divai ya namna hii inywewayo ingali changa na bila kuchujwa sana huitwa pipeño, kutokana na pipa. Wengi huifungua katika Septemba, wakati wa sikukuu ya taifa la Chile.

MISONOBARI, MOTO NA MOSHI

Mwaka 1974 serikali ya Chile ilitoa amri namba 701, iliyowapa ruzuku watu waliopanda misitu. Katika miongo iliyofuata misonobari na mikaratusi ilienea sana katika vilima vya kusini, kwa ajili ya mbao na karatasi. Wakati huo huo bei ya zabibu za País ilikuwa ndogo, kwa kuwa wanunuzi wakubwa walizichanganya katika divai za bei ya chini. Mkulima mzee, ambaye watoto wake wamehamia mjini, hakuwa na hoja ya kuikataa misonobari. Msonobari hauhitaji kupogolewa kila mwaka wala kuchumwa.

Tarehe 27 Februari 2010 tetemeko la ardhi la nguvu ya 8.8 lilipiga eneo hilo hilo. Nyumba nyingi za matofali ya udongo zilianguka, yakiwamo maghala ya divai. Kisha ikafuata mioto mikubwa ya misitu ya mwaka 2017 na ya Februari 2023. Ile ya 2023 iliua zaidi ya watu 20 na kuteketeza mamia ya maelfu ya hekta katika Ñuble, Biobío na Araucanía. Misonobari na mikaratusi iliyokauka kwa kiangazi hushika moto kwa urahisi, na mashamba madogo ya mizabibu yaliyozungukwa na misitu hiyo hayakuwa na mahali pa kukimbilia.

Mzabibu ulioungua haufi kila mara. Shina la kale lina macho yaliyolala chini ya gome, na mizizi ikiwa hai yaweza kuchipua tena. Lakini hasara nyingine huja kwa moshi. Moshi wa kuni una dutu kama guayakoli, ambayo hupenya ganda la zabibu na kujifunga na sukari ndani yake. Ikiwa imefungwa hivyo, haina harufu, na mkulima akionja zabibu haoni kasoro. Wakati wa kuchacha kifungo huachia, na divai hunuka majivu. Kwa kuwa divai nyekundu huchacha pamoja na maganda, ndiyo inayoathirika zaidi. Shamba ambalo moto haukuligusa kabisa laweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima kwa njia hiyo.

THAMANI YA KUNGOJA

Mambo hayakuwa mabaya tu. Mwanzoni mwa karne ya 21 watengenezaji wa divai kadhaa, Wachile na wageni, walianza kuinunua País kwa bei iliyo nzuri zaidi na kuiuza kwa jina lake mwenyewe. Wepesi wa rangi, uliokuwa aibu, ukawa sifa. Wengine wametengeneza divai yenye mapovu kutokana na zabibu hiyo. Baadhi ya wakulima waliokuwa wakiuza zabibu kwa kilo wameanza kutia divai yao katika chupa wenyewe. Kwa upande wake, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ina kituo huko Cauquenes, katikati ya nchi ya mizabibu isiyomwagiliwa.

Kutokana na hayo yote, swali lililoulizwa mwanzoni laweza kujibiwa. Anayeng'oa mzabibu mkongwe haharibu kitu cha ajabu kilicho nje ya maarifa. Anaharibu mizizi iliyochukua miaka mingi kuufikia unyevu wa chini, akiba iliyowekwa katika mbao, mistari ya urithi isiyopatikana katika vitalu, na ushahidi kwamba mahali fulani panafaa. Mzabibu mpya huanza kuzaa kwa kawaida katika mwaka wa tatu, na kwa hesabu ya kilo waweza kuushinda ule wa kale upesi sana. Bali hesabu ya kilo haipimi uvumilivu wa ukame, na katika miaka hii ambapo mvua za Chile ya kati zimekuwa haba kwa muda mrefu, mmea unaoishi pasipo kumwagiliwa una thamani mpya. Kama thamani hiyo itamfikia mkulima katika bei ya zabibu zake, mizabibu hiyo itabaki. Isipomfikia, sifa za divai yake hazitatosha kuizuia misonobari.